Sekunde Nne

Mlandege, saa tano asubuhi, bati limeshaanza kuchoma.
Bwana Shaame anafungua kontena lake la vitu vya Dubai:
feni, majiko, kiti cha daktari wa meno,
na nyuma ya friji mbili, vinanda vitatu
vimesimamishwa wima kama wanafunzi waliochelewa skuli.

"Cha harusi au cha taarabu?"
Cha bendi ya chuma, nasema.
Anavitazama, ananitazama mie, buibui langu, viatu vyangu.
"Mwanangu, vyote hivi plastiki."

Cha kwanza kina funguo themanini na nane,
nzito, za kutia vidole adabu.
Nakigusa, kinaitika kama watu waliokaa vitini.
Lakini mie nakaa Michenzani, ghorofa ya sita, kwa miguu.
Kilo ishirini na mbili kwenye ngazi zile
si ala tena, ni mgonjwa.

Cha pili kinang'aa. Kina kioo kama cha simu
na sauti elfu mbili: filimbi, kwaya, mvua, hata mbwa.
Machano wetu wa gita angekichukua hapohapo,
yeye chochote chenye taa ya buluu ni kizuri.
Nakiwasha. Kinaandika jina lake. Kinanikaribisha.
Kinapakia.
Kinapakia.
Nahesabu kimoyomoyo mpaka sabini na mbili.

Najua kwa nini nahesabu.
Mfungo Tano tulipiga nyuma ya gereji, Amani,
watu sitini hivi, na mbuzi wa jirani.
Wimbo wa tatu, katikati, umeme ukakonyeza.
Haukukatika, ulikonyeza tu, kama mtu mwenye siri.
Magita yakarudi papo hapo. Spika zikarudi.
Pandu kwenye ngoma hata hakujua.
Mie nikabaki na kioo kinaniambia karibu,
mikono juu ya funguo zilizokufa,
wimbo unanipita kama lori la mchanga,
na pale palipokuwa na kwaya yangu,
niliyoifinyanga miezi miwili,
pakawa tundu.

Hakuna aliyezomea. Hilo ndilo lililonichoma:
hakuna aliyeona kuwa pana kitu kimetoka.
Ila Zuwena, anayeimba. Aligeuka mara moja.

Cha tatu ni kibaya, sina neno jengine.
Kimechubuka, kimebandikwa stika ya timu iliyoshuka daraja,
fa ya juu haitoi kitu,
na skrubu zimeshika kutu.
(Bendi yetu inaitwa Kutu. Nikanyamaza, bei isipande.)
Kilo sita. Sauti za maana nne.
Lakini kina vifundo vya kweli, vya kushikika gizani,
kila kimoja na kazi yake, hakiingilii ya mwenziwe.

Namwambia Bwana Shaame: chomoa waya.
"Kimeharibika?"
Chomoa tu. Haya, rudisha.
Moja. Mbili. Tatu. Nne,
nikakandamiza mikono yote miwili,
ogani ikatoka nene, ina mchanga kooni,
feni zikatetema ndani ya maboksi yao
na mama mmoja aliyekuwa akichagua jiko
akasema Astaghfirullah, akahamia kontena la pili.

Alianza na laki nne. Nikaitaja fa.
Akashuka. Nikaitaja tena.

Usiku huu nimekaa sakafuni na penseli,
napitia nyimbo zetu moja moja kuitafuta fa ile.
Nimeikuta mara kumi na moja.
Kumi naweza kuzishusha chini, hazitadai.
Moja, ile ya mwisho kabisa, magita yakishanyamaza,
haishukiki, na bila yake wimbo haufungi.
Nimeizungushia duara.
Pembeni nimeandika: Zuwena, kwa koo.

Bado sijamwambia.