Uzito wa Karatasi

Getini Machame mizani haina huruma:
kilo ishirini, basi.
Nimebeba mitungi ya gesi, mahema, meza za wageni,
hata choo cha plastiki nimekipandisha hadi Barafu.
Sijawahi kubeba kitu kama vikaratasi hivi viwili
alivyonipa Sista Apaikunda, zahanati ya Pasua,
kila kimoja upana wa tiketi.

Ugonjwa haukuandikwa. Namba tu, na tarehe,
na "Tafadhali fika na karatasi hii."
"Kimoja cha wa nyumbani," alisema, macho kwenye daftari,
"kingine cha huyo mwingine.
Kama wapo watatu, sema. Kalamu ninayo."

Nilichelewa. Mkojo ulipoanza kuwasha kama pilipili kichaa
nilikimbilia duka la dawa:
vidonge vinne, hakuna aliyeniuliza jina.
Usaha ukakauka, nikajiita mzima.
Kumbe kisonono kilikuwa kimeinama tu,
kama mtu anayefunga kamba za kiatu
kisha aendelee na safari.

"Mwanamke anaweza asisikie kitu," Sista alisema.
"Anacheka, anapika, anakwenda sokoni,
na ndani kinamla mirija ya uzazi.
Ukitibiwa peke yako umeoga,
umerudi kulala kwenye tope lile lile."
Akanihesabia kondomu polepole, kama chenji ya mtu mbishi.
"Usilale na mtu mpaka nyote mpone. Dozi umalize.
Na mkono ulete, tupime damu.
Magonjwa haya hayatembei peke yake."

Nikapanda mlima navyo ndani ya soksi.
Shira, mvua. Karanga, mvua.
Niliposhuka vilikuwa uji.
Sista hakunigombeza. Aliandika upya.

Mwanahawa alikuwa akichambua mchele nyuma ya kibanda.
Nikamnyooshea chake. Hakukipokea.
Alifungua kopo la chumvi,
akatoa kingine, kimekunjwa mara nne,
cha wiki tatu zilizopita.
Kilikuwa changu.
"Niliogopa utasema ni mimi," akasema.
Na kweli ningesema.
Tulikaa pale kama watu wanaobishana chanzo cha mfongo
huku maji yameshapita mashamba ya wote.

Kikabaki cha Kibosho.

Aikande alikuwa zizini, anakamua,
tumbo la miezi sita limegusa magoti yake.
Niliyarudia maneno ya Sista, yote, bila kupanga:
kwamba kinatibika,
kwamba mtoto anaweza kukipata machoni wakati wa kuzaliwa,
kwamba kimetoka kwangu.
Hilo la mwisho Sista hakunifundisha.

Alikisoma kwa mwanga wa simu, kidole kikifuata mstari.
Ng'ombe akahamisha mguu.
"Wanafungua saa ngapi?"
"Saa mbili."
"Basi ulale jikoni."
Akanikabidhi ndoo.

Lita nne tu za maziwa, labda tano.
Kutoka zizini mpaka mlangoni
nilipumzika mara mbili.