Chupa Zangu za Jiki

Mwaka ule nilikuwa nafua mashuka ya moteli,
thelathini kwa siku, arobaini wikendi ya Pasaka,
na chupa zangu za jiki zikawa zinatoweka.
Si zilizojaa. Tupu.
Mwizi gani huyo?

Nikazikuta chemchemini, mgongoni mwa mume wangu.

Delmar alizifunga kwenye mtungi wa hewa,
moja kushoto, moja kulia, midomo chini, makalio juu,
kama kuku wanaopelekwa sokoni.
"Suti ya mpira hubanwa na maji," akasema.
"Kila nikishuka inakonda, nami nazidi uzito.
Basi nachomoa kinywa cha hewa, naipulizia chupa kidogo,
inanishika nisizame. Umeelewa, Verlene?"
Nikamwambia haijanielea.
"Hata mimi," akasema, "bado hainielei vizuri."
Akatumbukia.

Maji ya kaskazini mwa Florida hayajui kuficha.
Nilikaa juu ya mzizi wa mberoshi, kikapu cha vibanio mapajani,
nikamfuata kwa macho hadi mdomo wa pango,
chupa mbili nyeupe, kisha nukta mbili,
kisha jiwe.
Dakika ishirini nilihesabu mapovu
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Siku moja alisahau kuiinamisha ya kushoto.
Hewa ikipanda hupanuka;
chupa ikamvuta begani, ikamgeuza,
akaibuka upande upande, damu puani,
na Royce Pittman nyuma yake akitukana ndani ya maji.
Nilisikia matusi yale. Naapa niliyasikia.
Usiku nilifua shati lake kwa jiki ileile.

Halafu kola ikaja kwa posta kutoka California:
rangi ya chungwa, nzito, inanuka gurudumu jipya,
unaivaa kichwani kama nira,
mrija wa kupulizia, na kijitungi cha chuma
chenye kamba ya kuvuta siku ya mwisho wa dunia.
Akaijaribu sebuleni. Ikajaa, ikamkaba,
uso ukawa nyanya, macho yakanitafuta.
Ilikuwa inapanda, inamwacha yeye chini.
Nikaleta turubai, nikaleta uzi wa nailoni,
nikamshonea ukanda wa kupita mapajani,
mishono mitatu, mmoja juu ya mwingine,
naye amesimama miguu wazi kama mtoto anayepimwa kaptula.

Chupa zikarudi kwangu.
Sikujua nizifanyie nini.

Miaka kumi na sita alivaa ile kola.
Hakufa majini, kama mama yake alivyoapa.
Alikufa kwenye foleni ya benki,
kalamu ya benki mkononi, ile iliyofungwa mnyororo.

Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Ohio,
mkusanyaji wa vitu vya kale vya wazamiaji.
Dola mia mbili, akasema, kama haivuji.
Kama haivuji?
Nikaivaa palepale, miaka sabini na mitatu na magoti yangu,
nikashuka ngazi za chemchemi na gauni la nyumbani.
Maji yalikuwa baridi ileile.
Nikapuliza mrija: mpira, poda, vumbi la dari.
Nikapuliza tena.
Miguu ikaachana na mchanga.
Ukanda ukanishika mapajani, haukulegea hata uzi,
nami nikalala juu ya maji yanayoonyesha kila kitu,
chini yangu mdomo wa pango,
na hakuna aliyekuwa akihesabu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Nikamwonyesha kijana mshono wangu.
Akasema ni mzuri, akapiga picha jina la kiwanda.

Nilimuuzia kola.
Ukanda niliufumua kwanza, kwa wembe, taratibu,
huku yeye akisubiri na injini inaunguruma.
Sasa unafunga mfuko wa vibanio vya nguo.
Aliniuliza kama kuna kingine cha zamani.
Nikamwambia zilikuwepo chupa,
nikaona hajaandika.