Kilichopungua

Mama aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba,
na daftari lake la jalada la buluu lilinuka ziwa.
Jioni akijumlisha, ndoo ikipungua moja,
hakupiga kelele. Alilamba ncha ya penseli, akasema:
"Kilichopungua kina aliyekichukua,
hata kama hatukumwona akipita."

Nyamizi alikuwa na miaka tisa, ameketi juu ya gunia.
Nadhani kazi yake yote ilianzia hapo,
ingawa mwenyewe hukataa. Husema ni mwalimu Ndaki, Bwiru,
aliyechora ubaoni kiini cha atomu kikivunjika:
huku nguvu iliyokuwemo, huku iliyotoka,
na hesabu haikukubali.
Kidogo tu. Kiasi cha ndoo moja.

Akaenda kumtafuta mwizi.

Miaka ishirini na saba katika nchi ya theluji
alishuka kwa lifti ndani ya mgodi uliokwisha madini
hadi kwenye tangi la maji
ambayo hayajawahi kukutana na samaki.
Baba, aliyeacha vidole viwili Geita,
alimuuliza kwenye simu, sauti ikikatika:
"Mita elfu moja chini! Mmepata gramu ngapi?"
"Nyutrino haina gramu, Baba. Karibu haina."
"Basi kwa mwezi mnapata ngapi?"
"Mwezi huu, nne."
Baba alikaa kimya hadi vocha ikaisha.

Sisi hapa huwasha taa ili dagaa waje.
Usiku usio na mwezi ziwa huwa mji wa pili,
taa kwa taa, kuelekea Ukerewe.
Wao kule walizima kila kitu.
Walipanga macho ya kioo elfu kumi ukutani mwa tangi
yakodolee giza, yangoje mmweko mmoja wa buluu
usiofika hata nusu ya kupepesa.
"Ni uvuvi uleule, kaka," aliniandikia,
"ila umegeuzwa ndani nje, kama fulana."

Mwaka wa kumi na moja walishangilia jambo,
kisha wakalifuta:
ulikuwa mnong'ono wa mwamba wenyewe,
mionzi ya mawe, si mgeni waliyemngoja.
Baba alizikwa Jumamosi ya zamu yake.
Alituma pesa ya maturubai.
Mama alipomfuata, alituma tena, nyingi zaidi,
nami kwa miezi sita sikupokea simu.

Juni iliyopita akarudi, na masanduku mawili ya karatasi
na kikohozi cha vyumba vyenye viyoyozi.
Tulipanda mawe ya Igogo, yale yaliyobebana
kama watu waliosahau kushushana.
"Tazama ukucha wako," akasema.
"Kila sekunde, mabilioni.
Mchana kutoka juu. Usiku kutoka chini,
zimekwisha kuipenya dunia nzima, na ziwa,
na jiwe hili, na makalio yako, bila hodi.
Hutoka juani kwa jina moja, hufika kwa jina jingine.
Zinabadilika njiani. Ndivyo tulivyojua zina uzito."
"Kama wewe," nikasema.
Hakucheka.

Baadaye nikamuuliza kama alimpata mwizi.
Akafikiri muda mrefu, akichokoa ukoga kwa kijiti.
"Si mwizi. Ni mchukuzi tu.
Amebeba kilichopungua
na hana mkono wa kugonga mlango."

Nilikuwa nimemletea daftari, ndani ya mfuko wa rambo.
Akafungua ukurasa wa mwisho, mwandiko umeanza kulala:
zilizoletwa, arobaini na tatu;
zilizouzwa, arobaini na mbili;
na chini, pale pa jumla, hapana kitu.
Akatoa penseli. Akailamba ncha.
Nikangoja.
Hakuandika.

Kule ziwani taa ya kwanza ikawaka,
na dada yangu, kwa mazoea,
akafumba macho.