Shura

Tumeiacha lami Baquedano.
Hatujapishana na mtu tangu hapo,
ila lori moja la tindikali, likatupigia honi
kama jirani.

Herminda anaendesha pekupeku.
Redio iliishiwa mawimbi kitambo, hakuizima:
mkwaruzo nao, anasema, ni mazungumzo.

Akiba haiozi, na huku hakiozi kitu:
kiatu cha mtoto kwenye magofu ya kiwanda cha shura,
ngozi imekakamaa, kamba bado imefungwa;
misalaba ya mbao, makoja ya bati,
majina yaliyolambwa na upepo yakabaki
herufi mbili, tatu.

"Babu alilipwa kwa hii."
Akanitupia mapajani sarafu ya kampuni,
nyepesi, ina tundu katikati.
"Ilinunua mkate duka moja tu duniani.
Duka lao."

Mashariki, mgodi wa shaba, shimo la ngazi kwa ngazi.
Malori makubwa kama nyumba
yanashuka humo yanakuwa mchwa.

Kwenye kijumba cha marehemu, kando ya njia,
tulisimama. Chupa za maji mia, labda mia mbili,
za wapita njia, kwa mtu aliyekufa na kiu.
Sisi tulibakiwa na moja.
Herminda akapiga funda, akanipa funda,
iliyobaki akaipanga na zile nyingine,
akafuta vumbi kifunikoni kwa mkono wa shati.

Sikusema neno.
Hadi Calama nilimeza mate,
na sarafu ile, niliyosahau kumrudishia,
ikinichoma paja.