Kasha Ni Lile Lile

Tuliinunua mnadani, ofisi ya mkonge ilipofunga.
Mwanaidi alinyoosha mkono kabla sijamzuia.
Mkokoteni ukaileta Barabara ya Kumi na Tatu
imefunikwa shuka kama mgonjwa anayepelekwa Bombo,
na watoto wa Ngamiani wakauliza:
televisheni gani hii isiyo na mpira?

Mikono yangu ilizoea nati za mabehewa,
spana ya urefu wa muundi, grisi mpaka kiwikoni.
Sikujua skrubu inaweza kuwa punje ya mtama;
ikidondoka, nyumba nzima inapiga magoti.
Moja hatukuiona tena.
Mwanaidi alimshuku kuku.

Chumvi ya mji huu haibishi hodi.
Imekula bawaba, imekula baiskeli,
ikafika kwenye meno ya kumbukumbu.
Nikayasugua kwa kifutio cha shule cha binti yangu,
kile cha rangi mbili, upande wa buluu.
Mashine ikaamka, ikalia pii, mara moja.
"Unaona," akasema mke wangu, "ilikuwa mafua tu."

Halafu ule usiku umeme ulirudi kwa hasira.
Asubuhi pawa saplai inanuka mshikaki,
na ndani, mjusi kafiri, amekauka,
mkia umegusa pasipoguswa.
Fundi Semboja akaniuzia nyingine, ya kufufuliwa,
akaniapia kwa jina la mama yake.
Ikadumu miaka sita. Mama yule alikuwa mtu mwema.

Kisha feni.
Kisha diski, ile iliyotafuna karanga usiku kucha.
Kisha mazabodi yenyewe, na kwa hiyo karibu kila kitu.
Kioo chenye kibiongo kikaondoka,
kikaja chembamba kama sinia,
na pale mezani palipobaki wazi
Mwanaidi akaweka bakuli la vitumbua.
Kibodi hii ni ya nne: A hufutika kwanza,
lugha yetu inaila kuliko zote.

Jirani yangu Mntangi huuliza, sasa hii ni ile?
Mimi hugonga bati. Bati ni lile.
Bonde la ubavuni, tulipoligonga mlangoni, ni lile,
na namba ya rangi nyeupe ya mali ya ofisi,
arobaini na saba, sijaifuta.

Mwanaidi alipotutoka
hesabu za upatu zilikuwa humo, nikarithi kiti.
Ndipo saa ya ndani ikaanza wazimu wake:
umeme ukikatika, na hukatika,
inarudi Januari mosi, elfu mbili na tisa.
Karatasi ikatoka inasema Bi Hadia
anadaiwa tangu miaka kumi na minne.
Wanawake wakacheka hadi kushikana.
Bi Hadia hakucheka.

Dawa yake ni betri moja ya duara, kama senti,
shilingi elfu moja kwa Semboja.
Niliinunua siku ile ile.
Ikakaa mfukoni mwa shati miezi minne,
ikafuliwa mara mbili.
Kwa maana kila giza likiisha, nikibonyeza kitufe,
ilikuwa tisa tena, na mwaka wa tisa
yupo jikoni, anauliza kwa sauti
kama mashine imepoa, aje aifunike.

Jumamosi nimefungua kasha.
Nimepuliza vumbi, nimepiga mswaki feni,
nimetoa yai la mjusi, ganda tupu,
nikaliweka dirishani, sijui kwa nini.
Nimebana betri mpaka ikasema tik.
Ikaniuliza: leo tarehe ngapi?
Nikaandika kwa kidole kimoja,
siku, mwezi, kisha mwaka, huo wenyewe.
Ikakubali bila ubishi.

Nikatandaza juu kile kitambaa chake alichokidarizi,
halafu nikakiondoa.
Feni inahitaji hewa.