Nyekundu Ilipokwisha

Alfajiri farasi wameshafungwa mizigo.
Kilo nane kwa kila mgeni, mizani ya Fortunato haijui huruma.
Shingoni nimening'iniza kitambulisho cha kiongozi,
picha yake imefifia kwa jua
hata nafanana na kaka yangu aliyehamia Lima.

Tunapanda. Nyasi za ichu zimesimama kama fagio zilizosahauliwa.
Mgeni wa mbele anauliza: bado sana?
Namjibu: kidogo.
Kidogo hiki nimekirithi. Kina saa tatu ndani yake.

Pale njia inapochoka kupanda, mita elfu nne na mia nne,
kila mtu anaweka jiwe juu ya rundo na kuomba lake.
Mimi huomba magoti.
Bibi aliniambia mlima una kazi nyingi, usiusumbue kwa hotuba.

Kisha moshi, mbwa, ua wa mawe.
Vigingi vinne ardhini, mtande umevutwa ukalia ukiguswa,
mshindio unapita, unarudi,
mfupa wa llama unaushindilia: tak, tak.
Bibi Eulogia hapimi kwa rula. Anahesabu kwa midomo,
jozi kwa jozi, na ukimwita katikati ya hesabu
atakutupia jicho ambalo hata mbwa wanalielewa.

Nawaeleza wageni kama nilivyofundishwa chuoni Cusco.
Huyu ni mdudu wa mpungate. Mponde kiganjani: damu.
Dondosha ndimu: damu imekuwa chungwa.
Wanaguna wote kwa lugha moja.

Mama mwenye kofia mpya hatazami chungu.
Anatazama mtandio wa zamani begani kwa bibi,
mstari wa pembepembe unaokwenda mwekundu, mwekundu,
halafu ghafla kahawia.
"Maana yake nini?"

Jibu ninalo. Nimelitoa mara mia mbili:
huo ni mto, mama, hapa unatoka kwenye theluji,
hapo unaingia kwenye udongo wa mabondeni.
Anaandika daftarini. Anasita.
"Muulize mwenyewe."

Nikamuuliza, kwa Kikechua, sauti yangu chini ya tak, tak.
Bibi hakuinua macho.
"Nyekundu iliniishia.
Ilikuwa wiki ile waliyomshusha babako kutoka mgodini.
Nani angekwenda kuchuma wadudu?
Nikamalizia na sufu ya kondoo, ilivyozaliwa."

Miaka kumi na tisa nimeuona mtandio huo.
Nimebebwa ndani yake. Nimeufulia mtoni.

"Amesemaje?"
Macho kumi na manne, na kalamu moja.
"Amesema," nikasema, "ni mto."

Mama akatoa noti, akaongeza nyingine.
"Mwambie hakiuzwi," akasema bibi,
na hilo nililitafsiri neno kwa neno,
sikupunguza, sikutia chumvi.

Mchana tukafika kwenye magofu.
Kuta zimekaa jiwe kifuani mwa jiwe, wembe haupiti,
na mfereji wa mababu bado unapeleka maji
kwenye mashamba ya ngazi yasiyolimwa na mtu.
Niliyasema yote: karne, uzito, kamba, mabega.
Halafu, hatua mia kabla ya lango,
lile jiwe kubwa lililoachwa njiani,
limechongwa pande tatu, ya nne ikabaki mwamba.

"Kwa nini hawakulifikisha?"
Hapa huwa nasema vita. Wageni wanapenda vita,
vina tarehe.
Nikalishika. Lilikuwa na joto upande wa jua,
upande mwingine baridi kama sakafu ya kanisa.
"Sijui," nikasema.
"Labda ilikuwa wiki mbaya."

Mama mwenye kofia alinitazama kwa muda,
akafungua daftari, akarudi nyuma ukurasa mmoja,
akakata kitu kwa mstari.
Hakuniuliza.
Kule chini Fortunato alikuwa anapiga mbinja,
farasi mmoja kalala na mzigo wake
na hataki kabisa kuinuka.