Juzuu ya Tatu

Kwenye runinga Koplo Shebe alikufa Ijumaa,
risasi moja, kabla ya tangazo la sabuni.
Mwantumu akazima. Akasema: hafi huyu.
Usiku uleule akaanza kuandika.

Steshenari ya Mtaa wa Mkunguni
hutoza mia kwa ukurasa. Tukabana pini wenyewe,
nakala arobaini, jalada la manjano,
hadithi kumi na moja, Shebe mzima katika zote.

Majambazi hatukuwajali sana.
Tuliwapa Mlelwa na Shebe kazi nyingine:
kusukuma gari lililozimika Kigogo,
kugombea kipande cha mwisho cha muhogo,
kunyamaza pamoja koridoni Muhimbili,
mmoja kamshikia mwenzake koti.

Sikujua kwamba korido ile
Mwantumu alishaihesabu vigae.

Juzuu ya tatu naihariri peke yangu, Magomeni,
umeme umekatika, simu asilimia tisa.
Hadithi yake ya mwisho imekomea njiani:
Shebe akageuka, akamwambia Mlelwa,

basi.

Wasomaji wananiuliza alimwambia nini.
Nimejaribu mara sita, nikafuta.
Nimeacha mstari mtupu.
Chini yake nimeandika bei.